Veranda, Choo na Mahali pa Mama Ruth: Risala ya Wenye Majengo wa Rianyangate

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Haron Nyamongo, Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Majengo ya Biashara. Mwenyekiti wetu Mzee Anyona. Wachungaji na makatekista. Wapangaji wetu na wateja wetu: sisi wenye majengo wa soko la Rianyangate tunakusalimu.

Kabla hatujakukaribisha inavyopasa, tunaomba tukuambie jambo analodai jirani yetu, Mzee Onsongo. Habari hiyo imeshafika Marani na pengine ilikufikia wewe kabla yetu, na huenda ilifika ikiwa imeongezwa mguu.

Mzee Onsongo ana kinu cha kusaga mahindi ng'ambo ya barabara. Anadai kwamba Jumanne, wiki mbili zilizopita, alikuwa anapaka mafuta mkanda wa kinu akamwona afisa mkaguzi akipita kando ya jengo la Mama Ruth kwenda nyuma, na mkebe wa rangi nyekundu mkononi. Akamfuata. Anadai alimkuta ameinama, anapima simiti kwa tepu.

"Hii ni ya nani?" afisa akamuuliza bila kuinua kichwa.

"Ya Osoro."

"Ana ramani iliyopitishwa?"

"Hiyo sijui. Labda umuulize mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Mwambie atoke."

"Mimi siwezi, baba," Mzee Onsongo anadai alijibu. "Tulimlilia siku nne hapa hapa na hakutoka."

Hapo ndipo afisa, kwa madai ya Mzee Onsongo, aliposoma jina lililoandikwa kwenye simiti na kuvua kofia. Lakini brashi ilikuwa imeshapita.

Mgeni rasmi, Mzee Onsongo tunamjua. Akisaga debe moja la mahindi, huongea madebe mawili. Hatukuwepo, na hatuwezi kuweka sahihi chini ya maneno yake. Tunachoweza kukiwekea sahihi ni kwamba jioni ya siku hiyo tulienda nyuma ya jengo, tukaona X nyekundu, alama ya kubomolewa, juu ya kaburi la marehemu Osoro. Iko hapo hadi leo.

KARIBU

Sasa karibu sana. Umekuja kutuwashia taa ndefu ya mulika mwizi, na tumefurahi. Akina mama wanaouza ndizi na mboga wataweza kukaa hadi saa mbili bila kupangusa macho kwa moshi wa koroboi. Kwa hilo hatuna neno lingine ila asante.

Anayekusomea ni Sharon Bitutu, binti wa huyo marehemu Osoro na Mama Ruth. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo mahali Kiswahili changu kitateguka utanivumilia. Wazee walinipa kazi hii kwa sababu barua zote za ofisi huletwa kwangu. Huziweka kwenye mkebe wa majani chai, na nyuma ya kila barua huandika siku iliyoletwa na aliyeileta. Wazee waliniambia pia nisitaje nyumbani kwetu sana, ionekane risala ni ya wote. Ni ya wote. Lakini shida imechagua mlango wetu ndiyo igonge, na sijui nitaielezaje bila kutaja mlango.

TULIKOTOKA

Watu wakisikia "wenye majengo" hufikiria magorofa ya mjini Kisii. Sisi ni kumi na wanne. Mwenye jengo kubwa kati yetu ana milango sita ya maduka. Tukienda Mosocho hututania: "Haya, wapisheni malandilodi, wamekuja kununua sukuma wiki ya jana!" Tunacheka nao, kisha tunanunua hiyo sukuma wiki.

Hatukuja sokoni, mgeni rasmi. Soko ndilo lilitujia. Hapa palikuwa bomani kwa watu, na migomba na chai. Barabara ilipowekwa lami, magari yakaanza kusimama pale njia inapogawanyika, mtu wa kwanza akajenga kibanda cha chai, wa pili akaleta cherehani, na baada ya miaka michache tukaambiwa kwa barua kwamba mahali tunapolala ni eneo la biashara. Hatukukataa. Marehemu Osoro alichoma matofali yake mwenyewe huko bondeni na kujenga milango minne kwa miaka mitano, kila mwaka mlango mmoja, na mwaka wa tano paa. Alikufa kabla mlango wa nne haujapakwa rangi. Tulimzika nyuma ya jengo, kwake, kwa sababu hapo ndipo kwake. Hakuna mtu wa huku anayeuliza mwanamume azikwe wapi kama ana boma. Wala sisi hatukuuliza. Kama kulikuwa na ofisi ya kuuliza, tunakiri, hatukuijua.

Milango hiyo minne ndiyo inayomlisha Mama Ruth na wajukuu wake watatu. Mlango wa kwanza ni wa Celestine, mshonaji wa sare za shule. Wa pili ni duka la dawa za mifugo, wa tatu kinyozi, wa nne duka la rejareja la mama mwenyewe.

BARUA TATU

Kwenye mkebe mna barua nyingi, lakini tatu ndizo zilizotuchosha.

Barua ya kwanza ililetwa Ijumaa, miaka mitatu iliyopita. Ilisema veranda zote zimeingia kwenye hifadhi ya barabara na zibomolewe katika siku thelathini. Sabato ilipita, hakuna aliyeigusa. Jumapili asubuhi Wasabato walishika nyundo, Wakatoliki wakatoka misa ya kwanza wakawakuta, wakavua makoti. Kufikia jioni hapakuwa na veranda hata moja Rianyangate. Tuliimba wakati tunabomoa. Tulijiona raia wema.

Wiki tatu baadaye ikaletwa karatasi ndogo, sahihi ile ile, kwamba amri imesimamishwa kwa masoko yote ya barabara hii hadi kipimo kirudiwe. Masoko ya wenzetu waliongoja siku zao thelathini bado yana veranda. Sisi tulikuwa wa kwanza kutii na wa kwanza kunyeshewa. Celestine hushona akiwa amejiegemeza mlangoni ili mvua isifike kwenye kitambaa cha watu. Wenzetu wakipita hutuuliza, "Watu wa Rianyangate, leo mmebomoa nini?"

Barua ya pili ilisema kila soko liwe na choo safi cha kutumiwa na wapangaji na wateja, na kwamba majengo yaliyo karibu yanaweza kutumia choo kimoja. Tulikuwa tumeungua mara moja, lakini tulitii tena. Mzee Anyona alitoa kipande cha ploti yake mwisho wa safu ya maduka. Tulichimba kwa zamu, kila jengo siku mbili. Mwenye jengo asiyeweza kuchimba alipika. Shimo lilifika futi thelathini, tukalijenga kwa mawe. Vyumba vinne viliinuliwa hadi kwenye lenta, juu ya milango, viwili vya wanaume, viwili vya wanawake. Kutoka mlango wa Mama Ruth hadi hapo ni hatua arobaini. Nimezihesabu, kwenda na kurudi.

Tulipobakisha paa na milango, ikaja barua ya tatu. Hii ndiyo ya mwaka huu. Inasema kila jengo la biashara liwe na choo chake lenyewe, nyuma ya jengo, ndani ya mpaka wa ploti yake, kufikia tarehe thelathini mwezi huu. Jengo lisilo nacho litafungwa kwa kufuli ya ofisi. Inasema pia kwamba mtu akifuta alama ya mkaguzi amefanya kosa.

Tarehe thelathini ni Alhamisi.

Vile vyumba vinne viko pale, mgeni rasmi, vimesimama bila paa. Mvua huingia kama mgeni aliyealikwa.

MAHALI PENYEWE

Kumi kati yetu wanaweza kujibana. Mmoja atabomoa jiko, mwingine atahamisha zizi la mbuzi. Watatu wameomba muda na hawajajibiwa. Aliyebaki ni Mama Ruth.

Mbele ya jengo lake ni barabara. Kulia ukuta wake umegusana na ukuta wa Mzee Anyona. Kushoto kuna kijia cha watu cha upana wa mkokoteni. Nyuma ni futi kumi na nane hadi kwenye ua, na baada ya ua ni chai ya watu wengine. Katika futi hizo kumi na nane kuna kaburi la Osoro.

Afisa alirudi Ijumaa iliyofuata, na safari hii sisi tulikuwepo, kwa hivyo haya hatuyapati kwa Mzee Onsongo. Hatusemi afisa alikuwa mtu mbaya. Alisalimu kila mtu kwa mkono. Mama Ruth alimletea kiti, akamwamkia kwa Kikisii, "Bwakire buya, mwanangu, keti kwanza," naye akaketi. Alitueleza kwamba yeye hatungi sheria, anatumwa nazo. Celestine akamwambia, "Basi hao wanaokutuma wakutume siku moja na choo, si na rangi." Watu walicheka, na yeye alicheka kidogo.

Mzee Anyona alimuuliza nini kifanyike kuhusu kaburi. Afisa akasema watu huhamisha makaburi, kuna fomu yake. Hata wale walio wepesi wa mdomo walitazama chini. Mama Ruth akasema polepole, "Mwanangu, alinijengea hii nyumba ili nisikose chakula. Sasa nimtoe yeye ndiyo nibaki na nyumba?"

Afisa alifikiri, na tunaamini alitaka kusaidia. Alisimama, akapima kwa tepu pale kando ya kaburi, upande wa kushoto. Akasema, "Lakini hakuna haja ya kumgusa mzee. Hapa kuna nafasi tupu. Futi tano kwa nane. Choo kinatosha kabisa."

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa huku. Tunadhani hatuhitaji kukueleza ile nafasi ni ya nani. Afisa ni kijana na ametoka mbali, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia.

"Hiyo si tupu," alisema. "Hiyo ni yangu."

Afisa alikunja tepu. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akatuaga mmoja mmoja, na tarehe ikabaki ile ile.

TULIYOFANYA

Tunajua risala hutaja mazuri pia, na yapo. Mtaro wa maji tuliuchimba wenyewe. Tangu mwaka jana takataka zetu huchomwa mahali pamoja. Hatujawahi kumfungia mpangaji mlango kwa sababu ya mwezi mmoja uliomwendea vibaya. Wakati wa janga la korona tulikaa miezi mitatu tukiwaambia wapangaji, kodi ingoje, kwanza chakula chenu na cha watoto. Ofisi ilipotaka vizimamoto tuliweka, ilipotaka vibao vya majina tuliandika, ilipobadilisha rangi ya vibao tuliandika upya.

Hatukumbuki amri hata moja tuliyoikataa. Labda hilo ndilo kosa letu. Mtu akizoea kuitikia kabla hajaitwa, hakuna anayekumbuka kumuuliza kama amechoka.

TUNACHOKIOGOPA

Hatuogopi choo. Choo ni kizuri, na wateja wetu kwa miaka wamejisitiri kwenye chai ya watu, jambo ambalo hatujivunii.

Tunajiogopa sisi wenyewe, kwa vile tunavyojijua. Veranda tulibomoa Jumapili moja, na karatasi ya kusimamisha ikaja wiki tatu baadaye. Shimo tulichimba futi thelathini, na karatasi ya kulibatilisha ikaja kabla ya paa. Veranda hujengwa tena mtu akipata mbao. Shimo hufukiwa. Lakini tukichimba choo pale kando ya Osoro, kisha baada ya wiki tatu ije karatasi ndogo yenye sahihi ile ile, iseme barua ya tatu imesimamishwa, tutafanya nini? Mahali palipokuwa choo hapageuki tena pa kumlaza mtu. Na Mama Ruth ana miaka sabini na minne.

Jumapili iliyopita alituita sote. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani ingawa Sabato ilikuwa imepita. Akasema, "Mzee Anyona, leta majembe. Chimbeni pangu. Watoto wapate kula. Mimi mtaniweka popote, hata pale karibu na ua."

Mzee Anyona akamjibu, "Omongina, mama yetu, karibu na ua hapaenei hata mgomba."

"Basi mtanikunja," akasema, na akacheka peke yake.

Celestine alitoka nje. Aliporudi alisema, "Mama, mimi siko tayari kwenda choo hapo. Heri nijizuie hadi nyumbani." Mama akamwambia, "Na kufuli ikija utashonea wapi?" Celestine ameshona hapo miaka ishirini. Sare yangu mimi ninayekusomea, ya darasa la nane, ilishonwa kwenye mlango huo.

Majembe yaliletwa. Yako kwenye mlango wa nne, nyuma ya magunia ya mahindi. Hakuna aliyeyashika, na hakuna aliyethubutu kuyarudisha. Kila asubuhi mama hufungua mlango huo, huyatazama, halafu hufagia.

Ile alama ya X pia tunaiogopa kuifuta, kwa sababu barua inasema ni kosa. Mama ameifunika kwa leso yake. Tumesoma barua mara mbili na haikatazi kufunika.

TUNACHOOMBA

Wazee waliandika maombi saba. Yalikuwa na barabara ya ndani, maji ya mfereji, na kupunguziwa ada ya leseni. Jana jioni tulikaa tukayasoma yote, na Mzee Anyona akasema, "Tukimwomba saba atatujibu lile jepesi. Tumwombe moja." Kwa hivyo tuliyafuta sita. Yakikujia yenyewe moyoni, hatutakataa.

Ombi letu ni kwamba tuandikiwe karatasi moja, yenye sahihi yako na muhuri, ikisema kwamba choo cha vyumba vinne kwenye ploti ya Mzee Anyona, ambacho barua yenu ya pili iliruhusu, kinatosha kwa jengo la Mama Ruth. Paa tutaezeka wenyewe. Mabati ya veranda zilizobomolewa bado tunayo, tuliyaweka kwenye dari. Mafundi wako hapa, wamesimama kule nyuma na kofia zao. Ukisema ndiyo leo, Jumatano jioni choo kitakuwa na milango.

Ukisema hapana, pia tutasikia. Hatujaja kubishana nawe mbele ya wageni. Tunaomba tu jibu hilo ulitoe wewe, kwa sauti yako, lisije kwa barua. Barua tumezipokea za kutosha, na hatujui tena ipi ni ya kutii na ipi ni ya kungoja. Safari ya kwanza tulitii mapema, tukapoteza. Mara ya pili tulitii kwa wakati wake, tukapoteza. Safari hii tukikosea atakayepoteza ni mtu mmoja, na hatapata nafasi ya kulalamika.

Mgeni rasmi, ratiba inasema baada ya risala hii utawasha taa, kisha utapewa chai na ndizi, kisha utaondoka kwa sababu unangojwa Marani. Tunaomba tuongeze jambo dogo katikati. Ni hatua chache. Utapita kando ya mlango wa Celestine, kwenye kijia, uangalie kichwa kwa sababu bati limeshuka. Nyuma utaona leso ya kijani yenye maua, imetandazwa juu ya simiti na kuwekewa mawe manne. Kando yake upande wa kushoto utamwona Mama Ruth amesimama. Hakuja hapa kwenye viti. Alisema atakusubiri pale, mahali pake, ili usisumbuke kuonyeshwa.

Atakusalimu na kukuuliza habari za nyumbani. Hatakuomba kitu, hajazoea. Kwa hivyo tunakuuliza sisi kwa niaba yake, na tutanyamaza tukisikiliza:

Alhamisi ni kesho kutwa. Majembe yako nyuma ya magunia. Tuchimbe wapi?

Mungu akulinde barabarani, awape wazazi wako walio hai uzee wa amani, na waliolala awaache walale.

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Majengo ya Biashara wa Rianyangate.
Imesomwa na Sharon Bitutu, mtunza barua.